Samadi ya Ng'ombe wa Mwenyekiti

Jumapili, 5 Machi 1995

Mchungaji leo kahubiri juu ya yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini, nami nikageuka kumtazama Baba Stanley. Alikuwa ameinama, anaandika ajenda nyuma ya karatasi ya nyimbo. Baba Stanley, yaani mume wangu Thomasi, ni katibu wa kamati ya nishati ya kijiji. Mwandiko wake ni mzuri sana, na nikisema ukweli nilimpendea mwandiko ule. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtu akishika kalamu vizuri namheshimu hata kabla hajaandika kitu.

Basi nieleze jambo lenyewe, maana ndilo lililonifanya nianze daftari hili. Novemba mwaka jana wafadhili walituletea vifaa vya mtambo wa gesi ya samadi: saruji, mabomba, koki na jiko la chuma. Unachimba shimo, unalijenga kama chungu kilichofunikwa, unalilisha kinyesi cha ng'ombe na maji, na baada ya wiki kadhaa linatoa hewa inayowaka. Hakuna kuni wala moshi. Wakasema mtambo wa kwanza uwe wa mfano, kamati ichague nyumba. Kamati inachagua mpaka leo. Vifaa vimelala kwenye ghala la ushirika, ambalo tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie halina kahawa tena, lina popo.

Mimi nautaka mtambo ule, wala si kwa fahari. Mkwe wangu Anneth ana pumu. Mwezi wa kwanza daktari wa dispensari aliniita pembeni akasema, "Mama, moshi utamuua huyu. Sikutishi, nakwambia." Mwezi wa sita baridi ya Meru ikishuka tunafunga milango na moto unashinda unawaka. Nataka mtambo uwe tayari kabla ya hapo. Ee Bwana, unisikie.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Kuni zote zimelowa. Anneth kakohoa kutwa.

Jumanne, 14 Machi

Nimemwambia Anneth kuanzia leo napika mimi. Akacheka. Binti huyu wa Machame hucheka hata kifua kikimbana. Hiyo pumu anaiita shemeji. "Shemeji kaja tena, mama, hana hata adabu ya kubisha hodi." Mume wake, mwanangu Stanley, yuko Mererani anachimba tanzanite kama vijana wote, na kila mwezi anaagiza salamu kwamba wamekaribia jiwe.

Jioni Baba Stanley karudi kikaoni. Nikamuuliza, nyumba imepatikana?

"Tumefika mahali pazuri," akasema. "Tumekubaliana kwamba nyumba lazima iwe na ng'ombe."

"Tangu Novemba?"

"Usicheke, Mama Stanley. Ng'ombe wa nani? Hapo ndipo penye kazi."

Na kweli, hapo ndipo penye kazi. Ng'ombe wengi wa hapa ni wa kufugiwa. Mwenye nacho huwagawa kwa watu: anakukabidhi kamba pamoja na majani mabichi mkononi mbele ya mashahidi. Tangu hapo maziwa na samadi ni vyako, ndama ni wake, na hawezi kumchukua ng'ombe wake mpaka azae na ndama aache kunyonya. Wawili waliopo bandani kwangu ni wa Mzee Melkizedeki, mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, wakala wa wanunuzi wa kahawa. Mtambo anautaka yeye. Lakini ng'ombe wake wote kawagawa, na nyumbani kwake hakuna kinyesi hata cha kusiribia ukuta! Ana mifugo kuliko sisi sote, na samadi yote iko kwetu. Kwa hiyo kikao hakiishi.

Jumatano, 22 Machi

Wanawake wa mferejini wamenisema. Nalepo, jirani wa chini, alipaza sauti ili nisikie: "Siku hizi kwa Mama Stanley mkwe analala, mama mkwe anapuliza moto. Vyama vingi vimeingia hadi jikoni!" Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi nilijaza ndoo yangu. Lakini Anneth alikuwa nyuma yangu, na jioni nilipotoka kukata majani ya ng'ombe nikarudi, nilimkuta amepiga magoti kwenye mafiga, macho mekundu.

"Mama, niache. Wakikucheka wewe naumia kuliko kukohoa."

Jumapili, 2 Aprili

Kikao. Mvua. Baba Stanley anasema wameunda kamati ndogo ya kuishauri kamati.

Jumanne, 11 Aprili

Leo nimeiba. Naandika hivyo hivyo, maana Mungu aliniona.

Asubuhi Anneth alibanwa hadi midomo ikawa ya majivu. Alipopata nafuu nilimpelekea Baba Stanley chai, nikamwambia, baba, ghala lina unyevu, saruji inaganda, toa vifaa tujenge hapa, ng'ombe wapo na shimo nitachimba mwenyewe. Akanitazama kama mtoto aliyekosa hesabu. "Utaratibu, mama. Bila utaratibu tutakuwa watu gani?" Akavaa koti zuri akaenda kikaoni. Koti la kila siku likabaki msumarini, na ufunguo wa ghala mfukoni mwake.

Nikasali. Nikamwita rafiki yangu Ndeshi, ambaye tumeimba naye kwaya tangu usichana. Akaja na punda wake, amembeba mjukuu wake Lucky mgongoni. Nikamwita na fundi Brayson wa Daraja Mbili, ambaye amewahi kujenga mitambo hiyo. Yeye nilimpa beberu wangu. Tukafungua ghala mchana kweupe. Mifuko mingine ilikuwa imekuwa mawe kabisa, ukiipiga inalia. Iliyofaa tukaipakia.

Njia inapita mbele ya ofisi ya kijiji, na dirisha lilikuwa wazi. Mzee Kasaine ndiye aliyekuwa anaongea, yule mjumbe ambaye hoja yake huwa "ndogo tu". Akatuona, punda, saruji, mabomba na yote. 

"Mama Stanley! Mvua imewapata?"

"Shikamoo mzee. Imetupata kidogo."

"Marahaba. Poleni." Akageuka ndani. "Kama nilivyokuwa nasema, suala la nani atunze vifaa..."

Ndeshi alicheka njia nzima hadi akashika mti. "Tungepita na paa la ofisi wasingejua!" Mimi nilicheka pia, Bwana anisamehe. Nampenda Ndeshi.

Jumatano, 12 Aprili

Baba Stanley hakunipiga wala hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa kwenye muhtasari nitaandika nini?"

Pasaka, 16 Aprili

Kristo amefufuka. Tumeimba. Shimo limefika kiunoni.

Jumatano, 19 Aprili

Mzee Melkizedeki alikuja. Nilijiandaa kwa matusi, nikapata tabasamu. Akazunguka shimo, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Umetupunguzia ajenda moja. Tulikuwa tumekwama kwenye nyumba ipi, sasa nyumba imejichagua yenyewe." Akatazama bandani, akawasalimia ng'ombe wake kwa majina. "Ndama wamekua hawa. Bado wananyonya?"

"Wanaacha acha, mzee."

"Vizuri," akasema. "Mungu ni mwema."

Nilimwona ni mtu mwenye moyo mkubwa. Nimeandika hapa ili nikumbuke kutowadhania watu vibaya.

Jumamosi, 6 Mei

Tumemaliza! Brayson kafunika, kaunganisha bomba mpaka jikoni. Tumelilisha shimo samadi na maji ndoo kwa ndoo, mimi, Anneth na Ndeshi, hadi tukanuka kama zizi zima. Sasa tunasubiri. Brayson anasema lisifunguliwe, lisichunguliwe, liachwe lichachuke.

Alhamisi, 18 Mei

Palizi ya maharage. Mgongo.

Jumamosi, 27 Mei

Umewaka. Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana.

Brayson alifungua koki, akawasha kiberiti, ukaruka moto wa buluu, mdogo, kama ua. Hauna sauti kubwa, unapumua tu. Anneth akasogeza uso karibu, akavuta pumzi ndefu ya makusudi, akaitoa. Akavuta tena. "Mama, hakuna kitu. Hakuna kitu ndani yake!" Akapika uji, akapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akachemsha maji ambayo hatukuyahitaji. Usiku alilala bila mto wa tatu.

Hata Nalepo alikuja kuchungulia. "Mnakula chakula kilichopikwa na mavi," akasema, lakini aliketi hadi jioni.

Alhamisi, 1 Juni

Kikao kimefanyika kuhusu gesi yangu. Baba Stanley kanisomea muhtasari na mimi nauweka hapa nilivyousikia.

Melkizedeki kasema: "Mila iko wazi. Maziwa na samadi ni vya mfugaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Sasa gesi hii imekaa tumboni mwa shimo wiki tatu ndipo ikatoka. Ndugu zangu, kitu kinachokaa tumboni kikakomaa kikatoka, ni ndama."

Kasaine kasema: "Hoja yangu ni ndogo tu. Ndama lazima kuwe na dume. Hapa dume ni nani?"

Mmoja akajibu dume ni maji. Mwingine akasema dume ni wafadhili. Wamejadili hadi giza. Mimi nilicheka nikashika mbavu, Anneth naye. Baba Stanley hakucheka. Aliuliza, "Lakini wewe unaonaje, ni ndama au ni maziwa?" Alikuwa anataka jibu kwa dhati. Nimekaa na mwanamume huyu tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Alhamisi, 8 Juni

Melkizedeki kaja alfajiri na vijana wawili. Akaketi, akaomba maziwa ya ng'ombe wake, nikampa kwenye kibuyu. Akanywa yote, akafuta midomo, akaomba tusali. Alisali vizuri, akaitaja nyumba yangu na afya ya mkwe wangu.

Kisha akasema, "Ndama wameacha kunyonya, mama. Nawachukua ng'ombe wangu."

Mila inamruhusu. Mfugaji hapaswi hata kuuliza sababu. Niliuliza.

"Mzee, mtambo utakula nini?"

"Hilo kamati italijadili."

"Na Anneth?"

Akanishika bega, mkono wa joto. "Mama Stanley, mimi sijasema gesi ni yangu. Nasubiri uamuzi kama kila mtu. Ila ng'ombe ni wangu, hilo halina mjadala." Na kweli lilikuwa jambo pekee mwaka huu lisilo na mjadala. Waliwafungua, wakawaswaga kuteremka. Yule mwekundu aligeuza kichwa mlangoni.

Baba Stanley alikuwa amesimama pembeni ya migomba. Alimshika mkono Melkizedeki kumuaga. Jioni nimesikia wale ng'ombe wawili wameonekana mnadani Kisongo, wanauzwa. Mzee hata hakuwa anawahitaji.

Jumatatu, 12 Juni

Baridi imeshuka. Ukungu hadi saa nne. Ndeshi na wanawake wengine wananiletea ndoo ya samadi kila mmoja kutoka kwa ng'ombe wanaofuga. Moto umepungua lakini upo. Bwana ni mchungaji wangu.

Jumamosi, 17 Juni

Hakuja mtu.

Nilikwenda kwa Ndeshi. Nikamkuta anazoa bandani. Hakunikaribisha.

"Mama Stanley, ng'ombe niliye naye si wangu."

"Najua, Ndeshi."

"Basi unajua. Melkizedeki ametuma neno: atakayebeba samadi ya ng'ombe wake kukupelekea wewe, akatafute ng'ombe kwingine. Maziwa ya Lucky yanatoka pale."

"Ndoo moja tu kwa siku. Asubuhi, kabla hajaamka mtu."

 Ndeshi akainua ndoo iliyojaa, akanitazama usoni, akaimwaga kwenye migomba. Yote. Kisha akaikung'uta.

Nimerudi nyumbani na nimesoma Zaburi. Sikusikia chochote ndani yake.

Jumatano, 21 Juni

Moto umekufa leo saa sita, sufuria likiwa juu yake. Anneth akapiga magoti kwenye mafiga ya zamani. Kuni mbichi. Tuliomba ruhusa ya kuokota zilizokauka kwenye msitu uliofungwa, bwana misitu wa huku akasema tuanzie kwenye kamati.

Jumamosi, 24 Juni

Nimempigia goti Baba Stanley: asimwache Anneth awashe moto nikiwa sipo. Tutakula viporo. Akasema, "Nimekuelewa mama." Akaniapia kwa Biblia, mkono juu ya jalada.

Alhamisi, 6 Julai

Sasa naweza kuandika. Tumemzika jana.

Jumapili ile, tarehe mbili, baada ya ibada nilikwenda na wanawake wenzangu kumwona mgonjwa kijiji cha juu. Baridi ilikuwa kali mno. Ofisi ya kijiji haina pa kuota moto, kwa hiyo kamati ikahamishia kikao chake kwangu, sebuleni. Ajenda ilikuwa ile ile, mtambo. Wanaume saba ndani ya nyumba ya mgonjwa wa pumu wanajadili namna ya kuondoa moshi. Na wageni lazima wapate chai. Baba Stanley akamwita.

"Anneth, wazee wamekuja."

"Abee baba."

Hivyo tu. Baba Stanley amenieleza mwenyewe, hakuficha.

Nilirudi saa kumi. Kutoka barabarani niliona moshi unatoka mzito chini ya bati, mweupe, wa kuni mbichi, nikaanza kukimbia, nami sikumbuki lini nilikimbia mara ya mwisho. Nikapita sebuleni. Melkizedeki alikuwa anasema habari ya ndama. Mzee Kasaine akainua macho, "Mama Stanley, afadhali umekuja. Chai imechelewa."

Anneth alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, mikono kwenye magoti, kama mtu anayepumzika. Vikombe vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, saba, sukari imeshatiwa. Midomo yake sitaielezea. Alikuwa anavuta hewa na hewa haiingii. Hakupiga kelele kwa sababu hakuwa na cha kupigia kelele, na ukuta kati yake na wale wanaume ni mbao tu.

Nikamburuta nje. Nikapiga yowe. Wakatoka wote. Pikapu ya Melkizedeki ilikuwa pale pale uani. Nikasema tumpeleke mjini, sasa hivi.

Melkizedeki akasema njia ya juu imekatika na mvua. Mwingine akasema hapana, ilishafukiwa, ila ya chini ina tope. Kasaine akasema dispensari ni karibu zaidi. Baba Stanley akasema leo Jumapili dispensari imefungwa, mganga huenda kwao. Mmoja akasema aitwe mganga kwanza ndipo gari liende, mwingine akasema gari liende na huku mtu akimfuata mganga, na mafuta je, yanatosha kwenda njia ya juu na kurudi? Kila mmoja alisema neno la maana. Hakuna aliyesema upuuzi. Kichwa cha Anneth kilikuwa mapajani pangu, na macho yake yalikuwa yanakwenda kwa huyu, yanakuja kwa huyu, anafuata mazungumzo. Alikuwa anawasikiliza. Kisha macho yakabaki kwa Kasaine, na Kasaine alikuwa amemaliza kuongea zamani.

Walipopatana ilikuwa njia ya chini.

Sasa sikia mila yetu. Nyumba ikifiwa, wanawake huleta kuni, wapikie waombolezaji. Msitu uliofungwa tangu Januari ulifunguliwa Jumatatu asubuhi. Kamati ilikaa ikasimama, kibali kikaandikwa kwa mwandiko mzuri. Walikuja wamejitwika mizigo mikubwa, Nalepo, Ndeshi, wote, kuni kavu, zilizochaguliwa. Wakazipanga ukutani hadi zikafika dirishani. Sijawahi kuwa na kuni nzuri namna ile. Walipika siku tatu, moshi ukajaa ua mzima, na watu wakafuta machozi wakisema ni uchungu.

Stanley alifika Jumanne na vumbi la Mererani masikioni. Alitazama mtambo, akauliza, "Hiki ni nini?" Nikamweleza. Akauliza kwa nini hakiwaki. Nikamwambia amuulize baba yake. Waliongea nyuma ya nyumba. Leo asubuhi ameondoka, hakumuaga.

Jumatatu, 10 Julai

Wafadhili wanakuja kuona mtambo. Barua imefika. Melkizedeki katoa amri: kila nyumba ndoo ya samadi, kila siku, iletwe kwa Mama Stanley. Leo foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani. Ndeshi aliimwaga ya kwake akiwa ameangalia pembeni.

Jumapili, 16 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 29 Julai

Wamekuja. Mama mmoja wa Kizungu, mnene, mwenye sura ya huruma, anajua Kiswahili cha kutosha, na dereva wake. Asubuhi mapema Melkizedeki alikuwa ameleta mitamba miwili kupamba banda, manyoya yanang'aa. Hotuba zikawa nyingi. Wakasema mtambo utaitwa Anneth.

Niliwasha moto. Ukaruka buluu. Wakapiga makofi. Chai ikachemka.

Yule mama akanigeukia, akasema taratibu, "Mama, kikohozi ndani ya nyumba, kimepungua?"

Nilifungua mdomo. Baba Stanley akawahi.

"Kimekwisha kabisa," akasema.

Yule mama akafurahi, macho yakalowa, akaandika. Baba Stanley akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani ameshika mgomba kwa mikono miwili. Sikumfuata, na sidhani kama nitamfuata.

Halafu likatokea jambo. Mgeni aliuliza habari za ng'ombe wa kufugiwa, akataka picha ya desturi. Melkizedeki anapenda picha. Akanyoosha shati, akachuma majani mabichi, akashika kamba za mitamba, akasimama mbele yangu mbele ya kijiji kizima, akayatamka maneno yote ya kukabidhi, polepole, ili mgeni asikie vizuri. Mimi nikanyoosha mikono miwili. Nikapokea kamba. Nikapokea majani. Nikaitikia kama mila inavyotaka, kwa sauti.

Kamera ikalia.

Jumatatu, 31 Julai

Vijana wa Melkizedeki wamekuja kuchukua mitamba. Nimewaonyesha majani, nimeyachomeka juu ya mlango wa banda.

"Mama, ile ilikuwa ya picha tu."

"Mashahidi ni kijiji kizima. Wataondoka wakishazaa, na ndama wao wakiacha kunyonya. Hata dume hawajaonyeshwa bado."

Alasiri akaja mwenyewe, mara hii bila tabasamu. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, "Mzee, kama unaona kuna tatizo, itisha kikao."

Ameitisha. Baba Stanley anaandika ajenda. Wataanza na swali kama picha ni makabidhiano.

Alhamisi, 3 Agosti

Ndeshi kaja hadi mlangoni, Lucky mgongoni. Mtoto ana kifua, anapiga filimbi akivuta pumzi. Naijua ile filimbi.

"Mama Stanley, nakuomba niwe nachemshia maji yake hapa. Na uji wake. Daktari kasema moshi..."

Moto ulikuwa unawaka nyuma yangu, sina hata cha kupika juu yake. Nilimwangalia Ndeshi, nikaona ile ndoo anavyoikung'uta.

"Nimekusikia," nikasema. "Tutalijadili."

Aliinama, akaondoka. Nilijisikia vizuri. Naandika kama ilivyokuwa: nilijisikia vizuri hadi jioni.

Jumapili, 6 Agosti

Nimekwenda kanisani. Kwenye Baba Yetu nilifika "utusamehe makosa yetu" nikanyamaza. Wenzangu wakaendelea.

Jumatano, 9 Agosti

Kutoka hapa naona paa la Ndeshi. Moshi mweupe asubuhi hadi usiku. Kikao cha mitamba kimeahirishwa.

Ijumaa, 11 Agosti

Leo nilipokuwa nazoa banda nilisikia yowe dogo upande wa kwa Ndeshi, yowe la kuita mtoto jina. Niliweka ndoo chini nikaenda na matope yangu. Sikupiga hodi. Moshi ulikuwa umejaa, Ndeshi amepiga magoti anapuliza kuni kwa mashavu yote, machozi yanamtoka, sufuria la uji bado baridi, na Lucky yuko kitandani anavuta pumzi kwa shingo.

Alipoinua macho akafungua mdomo kusema. Alitaka kuomba radhi, niliona inakuja. Sikutaka kuisikia. Nilimchukua mtoto, nikamlaza begani, nikashika lile sufuria kwa mkono mwingine, nikatoka. Ndeshi akanifuata mbio nyuma yangu, peku.

Ameketi jikoni kwangu tangu saa tatu.  Mtoto amekunywa uji, amelala, filimbi imepungua. Nimemwonyesha koki inavyofunguliwa na nimemwambia kesho alete ndoo ya samadi, Melkizedeki atake asitake.

Sijamsamehe. Nimetafuta moyoni na msamaha haumo. Lakini maji yalikuwa yanangoja kuchemshwa.